Ng'ombe wa Guyo Aliyejiangusha

Mdogo wangu Komora,

Leo Jumapili sikufungua hoteli. Nimekaa kwenye meza ya pembeni, ile uliyokuwa ukiijaza makopo ya rangi nami nikigomba, nimeomba daftari kwa jirani, na sasa nakuandikia. Ulipokuwa hai nilipewa siku nne nzima za kukuambia haya, mdomo wangu karibu na sikio lako, nami nikanyamaza. Sasa mama amenituma safari, na kabla sijaondoka nataka wewe uwe umesikia kutoka kwangu.

Nitaanzia mbali kidogo. Nikianzia mwisho kalamu itagoma.

Unakumbuka mkaa wa mama uliokuwa ukipotea jikoni pale Idsowe? Kila asubuhi unapungua na hakuna anayejua unakokwenda. Ulikuwa na miaka minane, labda tisa. Siku moja marehemu baba akazunguka nyuma ya ghala la mpunga akakuta timu nzima ya kima uliyoichora kwa mkaa imejipanga ukutani kama watu wanaopigwa picha kabla ya mechi, mikono kifuani, vifua mbele, nahodha wao amekumbatia nazi badala ya mpira. Baba alikuwa tayari na fimbo mkononi. Alisimama pale kitambo, kisha akarudi mbele ya nyumba akamwambia mama, "Nenda nyuma ukawaone wanao wengine." Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Fimbo ikaishia kuswaga mbuzi.

Mpira wenyewe ulikushinda. Mguu wako wa kushoto ulizaliwa mfupi kidogo kuliko wa kulia, na shuleni mwalimu wa michezo alikupa kazi ya kulinda nguo za wachezaji. Ulikaa juu ya lile rundo la mashati miaka yote ya shule ya msingi. Niliwahi kukuuliza kama hukuona uchungu. Ulinijibu, "Dada, pale ndipo pazuri pa kuona watu. Mtu akikimbilia mpira husahau kuficha uso wake." Ukamchora yule mwalimu akiwa korongo mwenye kaptula, filimbi imemkwama kwenye shingo ndefu, anavimba pale katikati. Alikuchapa viboko viwili, halafu akaiomba ile karatasi. Nasikia aliihifadhi kwenye droo yake mpaka alipohamishwa.

Nilipofungua hoteli Garsen nilikuita uje, kwa sababu Idsowe hakukuwa na kuta za kukutosha. Ulianza na vibao vya kawaida: kinyozi, fundi viatu, mashine ya kusaga. Lakini hukuweza kujizuia. Kwenye mashine ya kusaga ukamweka kiboko ananyanyua gunia la mahindi kama wanaume wa kunyanyua vyuma, mashavu yamefura, mkanda wa kaptula umekatika. Kisha bucha. Sitasahau asubuhi ile. Mwenye bucha alitoka nje na kisu chake, damu mkononi, akakuta mbuzi sita wanakimbia mbio ukutani kwake, wamevaa nambari mgongoni.

"Nilikuambia unichoree mbuzi," akasema. "Wewe umenichorea mashindano."

"Ni mbuzi hao. Wahesabu."

"Na huyu wa mwisho anacheka nini?"

"Ameona utepe wa kumalizia mbio umefungwa wapi."

Utepe ulikuwa umefungwa kwenye mlango wa bucha. Yule mtu aliangalia, akaangalia tena, mabega yakaanza kumtikisika. Akasema watu watawaonea mbuzi huruma wasinunue nyama. Wewe ukamwambia watakuja kuangalia kwanza, wakishakuja harufu itawashika. Na ndivyo ilivyokuwa. Mpaka watu wa mashua wa Kipini wakasikia habari zako, wakakuita, ukawachorea pweza bondia mwenye glavu nane na papa aliyeinua mapezi juu kuomba amani.

Halafu ukauomba ukuta wangu.

Ilikuchukua wiki tatu. Mifugo dhidi ya wanyama wa mto. Kiboko alisimama golini akaziba nafasi yote kati ya milingoti, hata chungwa lisingepita. Ngamia alipiga mpira wa kichwa bila kuruka. Kima alimvuta kondoo jezi kwa mkia huku mikono yake ameiinua juu kuonyesha hana kosa. Mshika kibendera alikuwa kobe, bado yuko njiani kwenda kuonyesha kosa la kipindi cha kwanza. Refa ulimfanya mamba, na hakuna mchezaji hata mmoja aliyemsogelea kubishana.

Guyo ndiye aliyeomba ng'ombe. Guyo Muorma, aliyekuwa akiniletea maziwa kila asubuhi, akishusha madumu anakaa kwenye benchi kukuangalia ukipaka rangi, anakupa amri kama kocha. Akasema hawezi kukubali timu ya mifugo isiyo na ng'ombe wake mwekundu, yule mwenye pembe moja iliyopinda kuelekea chini. Ukamchora. Ukamlaza chali katikati ya uwanja, miguu juu, ulimi nje, kwato mbili zimeshika goti, jicho moja amelifumba kwa maumivu na jingine ameliacha wazi kidogo kumchungulia refa kama ameona. Mamba ameshatoa kadi ya njano. Hakudanganyika. Mbuzi jike anakimbia kuingia uwanjani na birika langu la chai kumhudumia majeruhi.

Guyo alipomwona alipiga magoti kwa kicheko. "Huyu ndiye yeye! Wallahi ndiye yeye! Hata zizini nikitaka kumkamua hujiangusha."

Kwa miezi mingi watu walikuwa wakiingia hotelini kwa ajili ya ng'ombe huyo. Waorma, Wapokomo wenzetu, Wagiriama, madereva wa malori ya Lamu. Wanaagiza chai, wanageuza viti waelekee ukutani. Niliwaona watu wazima wenye kesi mahakamani kati yao wakielekezana kwa vidole, "Mwangalie kima, mwangalie mikono yake." Nilijivuna. Nilikuwa najisemea, huyu ni mdogo wangu, niliyembeba mgongoni.

Kisha mvua ikakosa, na msimu wa pili ikakosa tena.

Huna haja nikueleze. Ng'ombe wa Waorma walishuka mtoni kama walivyoshuka tangu enzi za mababu, wakafuata malka, zile njia zao za kwenda kunywa maji, na baadhi ya malka zilikuwa zimelimwa na wakulima wetu. Kila upande una mwanzo wake wa hadithi, na sitaki kuanza nao wowote. Shamba la mahindi lililiwa likaisha. Fahali akakatwa mguu kwa panga. Ghala likachomwa. Mzee mmoja akavunjwa mbavu. Garsen hapa hakuna aliyepigana, lakini watu walianza kuchagua pa kunywea chai. Benchi la wafugaji lilibaki tupu ndani ya wiki moja. Guyo peke yake aliendelea kuleta maziwa, na hata yeye alikuwa akiangalia nyuma kabla hajanisalimu.

Ndipo picha ikaingia kwenye simu yangu. Nilikuwa nakanda unga. Imetumwa na mwanamke nisiyemjua vizuri. Ilikuwa ni ng'ombe wa Guyo peke yake, chali, ulimi nje, na mguu wa kiboko na mikono ya kima iliyoinuliwa nyuma yake kama wanashangilia. Refa hayumo. Kadi haimo. Mbuzi na birika hawamo. Chini yake mtu ameandika: "Hivi ndivyo wanavyotuchora Garsen. Ng'ombe wetu chini, miguu yao juu yake."

Komora, picha ile niliipiga mimi.

Niliipiga siku uliyomaliza, nimesimama mlangoni mwa jikoni, nacheka. Niliuvuta uso wa ng'ombe karibu kwa sababu ya lile jicho lake la ujanja. Nikaituma kwenye kundi la chama chetu cha akiba, wanawake kumi na wawili, wa makabila yote, nikaandika, "Mwoneni mchezaji huyu." Tukacheka siku nzima. Aliyeitoa pale akampa mwingine simjui. Aliyeiandikia maneno simjui. Ninachojua ni kwamba pembeni mwa picha ile unaonekana ukingo wa sufuria yangu kubwa, ile iliyobonyea ilipoanguka kwenye lori. Macho yangu yalikwenda pale kabla ya kwenda kwa ng'ombe.

Niliifuta kwenye simu nikiwa na unga mikononi. Haikupita nusu saa ukaingia, umeshika simu yako.

"Dada, umeiona?"

"Nimeiona."

"Nani aliyeipiga?"

"Sijui."

Neno moja tu. Lilitoka kama ninavyomwambia mteja kwamba maharagwe yameisha.

Siku iliyofuata watu wakaanza kuja kuutazama ukuta bila kuagiza kitu. Walisimama mlangoni. Mzee mmoja Muorma, mteja wangu tangu siku ya kwanza, aliweka kikombe chini kikiwa nusu akaniambia kwa upole, "Mama, ukuta huu umeanza kusema." Hakurudi. Guyo aliposikia alikuja mbio, akasimama mbele ya vijana wa Kiorma waliojaa mlangoni, ameweka kiganja juu ya pembe ya ng'ombe wake ukutani. "Huyu ni wangu! Mimi ndiye niliyeomba achorwe! Iangalieni pembe, mnamjua nyote!" Mmoja akamjibu, "Wewe umenunuliwa kwa kikombe cha chai." Wakamsukuma. Kilemba chake kikaanguka, akakiokota, akakifunga tena kichwani. Kesho yake maziwa hayakuja.

Wazee wa amani walikuja wawili, mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule, wakakaa meza moja makusudi ili watu waone. Nilikuwa namimina chai, nikasikia yote.

"Mwanangu," akasema yule Muorma, "hatusemi umetukana. Tunasema watu wamesikia tusi. Ifute, tulale."

Wewe ukasema, "Baba, nikiifuta nimekubali. Nipeni wiki moja. Nitachora ukuta wa pili, ng'ombe ameinuka, amepangusa vumbi, anacheza. Halafu mniitie watu, nisimame hapa niwaeleze mmoja mmoja. Picha ikielezwa hucheka yenyewe."

Walitazamana. Wakakupa wiki. Ulisema rangi nyekundu imekuishia, na Kipini kulikuwa na mashua uliyoiacha bila jina ubavuni, basi utakwenda siku tatu umalize na urudi na rangi. Ulipoondoka ulinishika bega ukasema, "Usiogope, dada. Watu si wajinga."

Jioni hiyo hiyo mwenzangu wa chama alinipigia. "Wazee wanauliza picha ilitoka wapi. Imejulikana ni kwetu. Nani aliyeituma kwanza?" Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Nataka nikuambie kwamba niliupaka ukuta chokaa kwa ajili yako. Nimewaambia hivyo watu wote, nimejiambia hivyo mwenyewe. Si kweli. Niliona kwamba ukuta usipokuwepo, swali nalo litakufa. Alfajiri nilikoroga chokaa kwenye ndoo nikaanza na ng'ombe. Mkono wa kwanza haukumfunika, jicho likabaki. Mkono wa pili, bado. Nilimrudia mara nne. Kufikia saa tatu ukuta ulikuwa mweupe kama sanda, nikanawa, nikachemsha chai, nikajiona nimetua mzigo.

Kabla ya adhuhuri picha ya ukuta mweupe ilikuwa imeshafika kila mahali. "Wamefuta. Kama halikuwa tusi, wameogopa nini?"

Ulinipigia kutoka Kipini. Nilisikia upepo na watu wanagonga misumari.

"Dada, nani aliyekulazimisha?"

"Hakuna. Nimefuta mwenyewe."

Ukawaambia wenzako wasigonge kwanza.

"Wiki moja tu waliyonipa," ukasema. "Hata wao walingoja."

"Komora, nilikuwa nakulinda."

"Nakuja."

"Usije leo. Njia si nzuri. Ngoja Jumamosi uje na magari mengi."

"Nakuja, dada. Nikichelewa, kesho wataamini."

Mambo ya njiani nimeyapata kwa yule wa bodaboda aliyekubeba. Alasiri, jua kali, mkikaribia Garsen, vijana watano au sita walitoka kwenye vichaka vya miiba vya mathenge wakasimama barabarani. Walikuuliza jina, ukawaambia. Wakauliza kama wewe ndiye mchoraji. Yule dereva anasema alikukanyaga mguu ili ukane. Wewe ulishuka kwenye pikipiki na mguu wako mfupi, ukawaambia, "Ndiyo, ni mimi. Twendeni pamoja nikawaeleze ilivyokuwa." Dereva alikimbia. Alilia aliponieleza, nami sikumlaumu. Lori la mbao ndilo lililokuokota, likakufikisha hospitali.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimevunjwa kimoja kimoja. Hilo lilinionyesha kwamba walijua wanachofanya. Lakini kilichokuua kilikuwa ndani ya kichwa.

Siku ya kwanza na ya pili hukusema neno. Ya tatu uliamka, ukaomba maji, ukaniuliza kama mama ameambiwa. Kisha ukasema polepole, kama mtu anayepiga hesabu, "Ile picha. Aliyeipiga alikuwa amesimama jikoni."

Nikauliza, "Unajuaje?"

"Sufuria. Ukingo wake unaonekana pembeni. Kutoka mezani huwezi kuipata pamoja na ng'ombe. Lazima usimame mlangoni mwa jikoni."

Komora, hapo ndipo ulinifungulia mlango. Nilikuwa nimeshika kikombe cha maji. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na hata ungenichukia ungekuwa umekufa ukijua. Nikasema, "Wateja wengi huingia jikoni kunawa."

Ulinitazama. Jicho moja lilikuwa limevimba limeziba, lile jingine likanitazama muda mrefu.

"Ndiyo," ukasema. "Huingia."

Hukuniuliza tena. Siku ya nne, mchana, ukaondoka. Sijui kama ulijua. Kila siku naamka na jibu tofauti. Siku nyingine najiambia uliamini, ukalala kwa amani. Siku nyingine nasikia ulivyolitamka lile "huingia" na najua kwamba ulinionea huruma, ukanisitiri, wewe uliyelala umevunjika ukamsitiri aliyekaa kwenye kiti.

Tulikuzika Idsowe. Mazishi yalikuwa na watu wengi na hasira nyingi. Vijana wa kwetu walikuwa wamesimama na mapanga nje ya boma. Katikati ya hayo akatokea Guyo, peke yake, amevuka daraja kwa miguu. Nilidhani atauawa mbele ya jeneza lako. Mama ndiye aliyeinuka. Unajua macho yake siku hizi hayaoni mbali, alimjua kwa sauti. Akaita, "Huyo ni rafiki wa mwanangu. Mpisheni." Wakampisha. Akachukua sepetu akafukia nao mpaka mwisho, jasho na machozi vinachanganyika, hakuna aliyemsemesha. Akaondoka alivyokuja.

Kwao hawakumsamehe. Walimwambia amemzika aliyewatukana. Nyumba yake Garsen ilipigwa mawe, wanawe wakafukuzwa na wenzao kwenye michezo. Aliuza alichoweza akahamia juu kaskazini, Bangale, kwa jamaa za mkewe, na nasikia ana kiduka kidogo cha sukari na majani ya chai. Ng'ombe mwekundu alikufa na ukame ule ule.

Polisi waliandika maelezo. Hakuna aliyeshikwa. Mvua ilirudi, mto ukajaa, ng'ombe wakarudi bara, na watu wakarudi kwenye meza zangu kana kwamba waliondoka kwenda kuswali tu. Nawamiminia chai. Kijana akinyoosha mkono kuchukua kikombe naitazama mikono yake, najiuliza. Mbuzi wa bucha bado wanakimbia pale barabarani, watoto bado wanacheka, mimi napitia upande wa pili. Walikuja vijana wenye fulana za amani wakaomba wanichoree ukuta bure, mikono miwili inayosalimiana. Niliwakatalia. Wakaniona mwanamke mwenye chuki.

Miezi mitano iliyopita nilimwambia mama. Alikuwa akipepeta mpunga. Nilimwambia yote, picha, chama, chokaa, sufuria. Ungo haukusimama mpaka nilipofika kwenye hospitali. Hapo ukasimama. Akasema, "Kumbe moto ulitoka jikoni kwetu." Kisha akasema, "Toka."

Nilitoka. Nimekuwa nikienda kila Jumamosi. Naweka sukari, unga na sabuni kizingitini, nasalimu, hajibu, narudi. Jirani ananiambia vitu vyangu havili, anawagawia watu.

Jana nilipofika mlango ulikuwa wazi na jungu liko motoni. Niliweka furushi chini, nikageuka niondoke kama kawaida.

"Wali umeiva," akasema nyuma yangu.

Nilisimama. Sikujua kama ananiambia mimi.

"Nawa mikono."

Nikanawa. Tulikula sinia moja, wali na kambare. Hakulitaja jina lako, nami sikuthubutu. Tulipomaliza akavikusanya vile vyombo mwenyewe, akavishika mapajani, akauliza, "Yule Guyo amejua?"

"Hajajua, mama."

"Watoto wake walifukuzwa kwa ajili ya nini?"

Niliokota punje za wali zilizoanguka chini.

"Basi utakwenda," akasema. "Utamwambia mbele ya watu wake, si pembeni. Wajue hakununuliwa na mtu. Halafu urudi uwaambie wazee hapa." Akasimama kwa kushika ukuta. "Mimi sijakuambia nimesamehe. Nimekuambia nenda."

Kesho naondoka. Nitalala Hola, kisha nitafute gari la kwenda juu, barabara ile unavyoijua. Naogopa, Komora. Sijui Guyo atanifukuza, au atanyamaza kama wewe, jambo ninaloliogopa zaidi. Sijui watu wake watanifanya nini nikishasema, wala watu wetu nikirudi. Lakini nimechoka kuwa mtu aliyesitiriwa.

Nilipofika hapa kwenye barua mlango umegongwa. Ni mpwa wetu kutoka Idsowe, ametumwa na mama. Ameleta mkate wa wali uliofungwa kwa jani la mgomba, na ndizi tano. Nikamuuliza kama mama amesema neno lolote.

"Amesema usiende Bangale na njaa."

Lala, mdogo wangu. Udongo wa nyumbani usikuelemee.

Ni mimi,
dada yako wa tumbo moja